Sebule ya Langoni: nyumba ya harusi iliyopambwa kwa chokaa, miaa na marekani

Kisa hiki ni cha sebule moja mtaani Langoni, Lamu. Ni chumba cha chini katika nyumba ya mawe ya urithi, kirefu na chembamba, na upana wake haufiki mita tatu. Harusi ya binti wa nyumba ilikuwa imekaribia na wakwe wangetoka Malindi. Mama harusi alikuwa ameshatumia shilingi 18,000 kukipamba, na kila alichoongeza kilizidi kukifanya kionekane duni. Mkononi zilikuwa zimebaki shilingi 22,000, zamu yake ya mchezo, yaani upatu, naye alikusudia kununua vingine vya namna ile ile. Dadake, ambaye niliwahi kumpangia vyumba vya wageni huko Shela, akamwambia asinunue kitu mpaka nije nione.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu shida yake nimeikuta katika nyumba nyingi, Mkomani, Langoni, hata mji wa kale wa Malindi. Watu wanataka nyumba zao zipendeze, na ni haki yao. Pesa zenyewe ni chache. Halafu hizo chache zinakwenda kwenye vitu ambavyo nyumba ya mawe haivikubali, huku chokaa, miaa, marekani (kile kitambaa rahisi cha pamba) na mbao za jahazi vikipitwa kila siku kana kwamba ni vya watu waliokosa. Ninachoshikilia ni kwamba utajiri wa nyumba za Lamu tangu zamani umetengenezwa kwa vitu hivyo vya rahisi, na sebule hii imenipa nafasi ya kulionyesha jambo hilo kwa hesabu.

Kwanza, vilivyokuwa vimenunuliwa. Fungu kubwa, shilingi 9,500, lilikwenda kwa zile sponji za kubandika ukutani zenye sura ya matofali meupe, zilizoagizwa Mombasa zikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Maua ya plastiki na vyungu vyake yalichukua 3,300. Taa za ukanda zinazobadilisha rangi zilichukua 2,700, na zulia la manyoya 2,500. Mbele ya ukuta wenye sponji palikaa kochi la kona, kubwa kiasi kwamba mtu akitaka kupita kwenda kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, ilimbidi apite ubavu.

Masika ilipoingia, sponji zilianza kuvimba kuanzia chini. Watoto wakawa wanazibonyeza. Gundi ilipoachia, nyuma yake palionekana kuvu jeusi na unga mweupe wa chumvi, na chumba kikaanza kunuka. Familia ikalisogeza kochi karibu zaidi na ukuta ili lifiche. Kwa hiyo nilipoingia nilikuta chumba chenye harufu nzito, taa ya zambarau darini, na mama mwenye aibu asiyotakiwa kuwa nayo, maana hakuna aliyewahi kumwambia ukuta wake unafanyaje kazi.

Kuta za nyumba za mawe za Lamu ni matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Ni nene, na ndani yake zina vinyweleo. Maji ya ardhini hupanda polepole ndani ya ukuta, yakifika mahali yakapata njia hutoka kwa kukauka juu ya plasta. Plasta ya chokaa huyaruhusu yatoke. Simiti haiyaruhusu, au huyaruhusu kidogo mno. Katika nyumba hii mpangaji wa zamani alipiga simiti mpaka kiunoni, kisha akaipaka rangi ya mafuta ya kahawia, ule mtindo tunaoujua shuleni na maofisini. Maji yaliponyimwa njia huko chini yakapanda juu zaidi, yakatokea mahali simiti ilipokomea. Kisha zikaja sponji, zikapaziba napo. Chumvi iliyomo katika maji na katika matumbawe yenyewe ikabaki ndani, na chumvi inapoganda hutanuka, ikaisukuma plasta mpaka ikamomonyoka.

Kabla ya kumgusia mtu habari ya kubomoa chochote, nilitaka uhakika. Kuna jaribio rahisi ambalo yeyote anaweza kulifanya. Chukua kipande cha karatasi ya plastiki isiyo na tundu, kibandike ukutani kwa selotepu kingo zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande unaotazama chumba, unyevu ni wa hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Tulikibandika juu kidogo ya mstari wa simiti. Siku ya pili matone yalikuwa upande wa ukuta, tena mengi.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi uliobeba kazi yote. Nilipendekeza karibu nusu ya pesa iende kwenye ukuta. Mama harusi alinitazama kwa muda. "Dadangu," akasema, "wakwe watakuja kutazama plasta?" Swali lake lilikuwa na maana. Mtu mwenye shilingi 22,000 na harusi mlangoni anataka kununua kitu kitakachoonekana. Nikamjibu kwamba wageni hawataitazama plasta, ila wataisikia katika pumzi wakiingia, na wataiona katika namna mwanga unavyokaa chumbani bila wao kujua wanaona nini. Ukuta ndio sehemu kubwa kuliko zote katika chumba. Ukiwa na madoa, hata kochi la laki litaonekana limeokotwa. Ukiwa mweupe, mkavu na wenye uhai, mkeka wa miaa utaonekana wa sultani.

Kilichomsadikisha zaidi ni zidaka zake mwenyewe, yaani vile vishubaka vilivyojengwa ukutani. Mwisho wa chumba kulikuwa na safu ya vidaka tisa, vimejaa vikombe vya mpira vya wavulana, chupa za dawa, chaja za simu na yale maua ya plastiki. Nilimwomba afikirie vile vidaka vimetengenezwa kwa nini. Si marumaru, si mbao za thamani. Ni chokaa. Nyumba za waungwana wa karne ya 18, zile ambazo leo wageni hulipa pesa nyingi kulala ndani yake, zina kuta nzima za zidaka na nakshi, na zote hizo ni chokaa na mchanga vilivyokatwa kwa mkono wa fundi anayejua. Mle vidakani ndimo zilimowekwa sahani za kauri kutoka China. Sahani zilikuwa ghali, ila ukuta uliozipa hadhi ulitengenezwa kwa matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu. Mji huu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kuta hizo ni sehemu ya kilichoheshimiwa. Mama huyu alikuwa na kipande cha utajiri huo sebuleni kwake, naye amekijaza chaja.

Baba wa nyumba alikuwa na wazo lake: dari ya jipsam yenye taa za kuzama, kama alivyoona nyumba moja Malindi. Alitaka kuzificha boriti. Nililipinga wazo hilo kwa nguvu, na bado nalipinga popote ninapolisikia. Boriti za mkoko ndizo zilizoamua sura ya nyumba za Lamu. Mti wa mkoko una kikomo cha urefu unaoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukizifunika boriti huoni mchwa anapoanza, huoni maji yanapopenya kutoka juu, na siku utakayojua ni siku dari itakapoanguka. Zaidi ya hapo, kimo kirefu cha chumba ndicho kitu cha pekee ambacho nyumba za tajiri na nyumba hii zinashiriki sawasawa. Kukishusha kwa jipsam ni kulipa pesa ili chumba kipungue. Mzee alisikiliza, akauliza habari ya mchwa mara mbili, kisha akakubali. Boriti zikapigwa brashi kavu, utando ukaondolewa, zikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Gharama yake ilikuwa jioni moja ya vijana wawili.

Sasa kazi ya ukuta. Mwashi wa mtaani, mtu mzima aliyejifunza kwa babake, alichukua shilingi 6,000. Alitoa simiti yote ya chini kwa patasi, polepole, ili asivunje matumbawe. Ukuta ukaachwa wazi upumzike, na maji yakaanza kutoka yenyewe, chumvi ikajitokeza kama unga, ikafagiwa kwa brashi kavu kila asubuhi. Haioshwi kwa maji, kwa sababu maji huirudisha ndani. Kisha akapiga plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Mchanga ulioshwa kwa maji matamu kuondoa chumvi, na ulinunuliwa kwa wachuuzi wa punda baada ya kuhakikisha hautoki kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Ile michanga ndiyo inayoyahifadhi maji ya visima vya mji. Hakuna sebule inayostahili kupambwa kwa gharama hiyo.

Sehemu ya juu ya ukuta ilikuwa na plasta ya kale ya chokaa, ila imepakwa rangi za maji tabaka juu ya tabaka. Watu wengi hukosea hapa. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na juu ya rangi ya plastiki, kama hizi za maji, hushika kwa muda tu kisha ikadondoka vipande vipande. Lazima ukuta uweze kunywa. Vijana wa nyumba, pamoja na bwana harusi mtarajiwa aliyejitolea jioni mbili tatu na akapata sifa zake, walikwangua rangi zote mpaka plasta ya zamani ikaonekana. Ilikuwa kazi ya vumbi na malalamiko. Bila hiyo, pesa zote za chokaa zingekuwa zimetupwa.

Chokaa yenyewe, pamoja na brashi na rangi ya unga kidogo, vilichukua shilingi 3,600. Chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa ililowekwa kwenye pipa siku kadhaa, ikakorogwa kila siku, ikachujwa kwa kitambaa cha zamani, ikapunguzwa kwa maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Ukuta unaloweshwa kidogo kwanza, kisha chokaa inapakwa tabaka jembamba, mkono ukienda huku na huku bila mpango wa mistari. Ikiwa mbichi haionekani kitu. Mama harusi alikata tamaa siku ya kwanza, akadhani tumempaka maji. Siku ya pili ukuta ukawa umeanza kuwa mweupe, maana chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole. Tabaka nne zilitosha. Katika mbili za mwisho tulitia rangi ya unga ya manjano ya udongo, ile ya oksaidi inayotiwa kwenye sakafu, kiasi kidogo sana, baada ya kuijaribu kwenye ukuta wa stoo na kuiacha ikauke. Matokeo yake ni weupe wenye joto ndani yake, na brashi ikiacha mawingu hafifu ambayo hakuna rangi ya kopo inayoweza kuyatoa. Tafadhali, atakayefanya hivi avae glavu na kitu cha kukinga macho. Chokaa huunguza, na jicho halina spea.

Kufikia hapo zilikuwa zimetumika shilingi 9,600, na chumba kilikuwa kitupu. Nilimwomba mama harusi akiache kitupu usiku mmoja na alale akikifikiria. Asubuhi ndiye aliyesema kochi lisirudi. Lilikwenda Mokowe kwa kakake.

Mahali pa kochi tulitoa stoo kitanda cha kamba cha bibi yake, kilichokuwa kimelegea na kuwekewa magunia. Mzee mmoja wa ukoo alikisuka upya kwa kamba ya makumbi, na malipo yake yakawa halwa na heshima. Chumba chembamba kinataka viti virefu, vya chini, vilivyoegemea ukuta mmoja, ili katikati pabaki njia. Godoro la zamani likapigwa jua, mito ikajazwa usufi mpya kutoka kwa shangazi mwenye msufi shambani, foronya zikashonwa kwa mabaki ya marekani na kikoi kimoja cha bluu cha baba. Zulia la manyoya likakunjwa. Mkeka mkubwa wa miaa wa Matondoni, uliosukwa vizuri na wenye rangi mbili tu, ulinunuliwa kwa shilingi 3,000. Niliona baadhi ya jamaa wakinong'ona kwamba mkeka ni wa msibani. Niliwaambia waungoje mwanga.

Mwanga, baada ya ukuta, ndio uliobadilisha zaidi. Awali kulikuwa na taa moja ndefu nyeupe darini na ule ukanda wa rangi. Taa moja ya juu huua kila kitu: inafuta vivuli, inaangaza vumbi, inampa kila mtu uso wa mgonjwa. Tulinunua balbu tano kwa shilingi 250 kila moja, za mwanga wa manjano. Kwenye boksi huandikwa namba, nasi tulitafuta 2700. Zile za 6500 ndizo za buluu, ni za dukani na za kusomea. Fundi wa umeme, holda na waya vilichukua 1,500. Kwa vifuniko vya taa tulitumia makawa, yale ya miaa ya kufunikia chakula. Yalikuwepo matatu jikoni, mawili tukaazima kwa jirani ambaye baadaye alikataa kurudishiwa. Kawa likining'inizwa juu chini yake kuna balbu, mwanga hupenya katika msuko na kuuchora ukuta wa chokaa madoa madoa. Ni lazima balbu iwe ya LED, kwa sababu za zamani zina joto na miaa ni kavu. Taa tatu ziliteremshwa mpaka usawa wa macho ya mtu aliyeketi, mbili zikawekwa chini karibu na ukuta wa zidaka, mwanga ukipanda juu.

Kwa mapazia, marekani mita 24 kwa shilingi 150 kila mita, jumla 3,600. Kilichosaidia ni urefu, wala si aina ya kitambaa. Kabla ya hapo mapazia yalikuwa ya nailoni yenye maua, yameanzia juu ya dirisha na kukomea chini ya dirisha, na madirisha yakaonekana madogo. Tuliweka fito mbili za mkoko karibu na boriti, zilizonunuliwa shilingi 400, zikiwa pana kuliko dirisha pande zote, na kitambaa kikashuka mpaka sakafuni. Vipande vinne kila dirisha, mita tatu kila kipande, ili pazia hata likifungwa libaki na mikunjo. Umaskini wa pazia huonekana katika kubana kitambaa. Marekani ilifuliwa kwanza kabla ya kushonwa, maana hurudi, na pazia lililorudi likaning'inia juu ya sakafu lingeharibu kazi yote. Mapindo alishona bibi harusi mwenyewe kwa cherehani ya mamake. Alisema alihitaji kitu cha kufanya na mikono kuliko kupokea simu.

Kioo kilileta mjadala. Kipande kikubwa kilikatwa kwa shilingi 1,800, seremala akakitilia fremu kwa shilingi 800, mbao zikiwa za mashua iliyokwisha kazi, ambazo baba alizipata kwa rafiki zake wa ufuoni bila malipo. Mbao za chombo zina matundu ya misumari na rangi iliyofifia, na hazihitaji kupakwa chochote. Kwanza kilisimamishwa ukuta unaokabili mahali familia inaposalia. Bibi mzee wa nyumba alikiona kabla ya sisi kumaliza kufunga msumari. "Mwanangu, kiondoe hapo. Tusali huku twajitazama?" Alikuwa na haki, na kwa bahati mahali alipotuelekeza ndipo palipofaa zaidi: pembeni ya mlango wa kiwandani, ambapo kioo kinapokea mwanga wa mchana na kuutupa mpaka mwisho wa chumba. Kioo kinazidisha chochote kilicho mbele yake. Kikitazama mrundo wa viatu, utakuwa na marundo mawili.

Kisha bibi huyo huyo akafanya jambo ambalo sikulipanga. Alipoona vidaka vimepakwa chokaa na vimeachwa vitupu, alifungua kasha lake na kutoa mrashi, chetezo cha udongo, birika la shaba na sahani ya kauri ya bluu iliyoungwa kwa pini za chuma. Vilikuwa vimefichwa miaka mingi kwa sababu watoto waliviona vya kizamani. Vidaka vinne vikapata kitu kimoja kimoja. Vitano vikabaki vitupu. Hapa tena mama harusi alipata wasiwasi, akasema wageni watadhani hana kitu cha kuweka. Nilimsihi aviache. Kidaka kitupu kilichoangazwa kutoka chini kina kivuli chake, na kivuli hicho ni pambo. Vitu vinne vyenye nafasi hutazamwa kimoja kimoja, ishirini vilivyobanana havitazamwi hata kimoja. Maua ya plastiki niliomba yasirudi kabisa, na yakabadilishwa na asumini kwenye sinia jioni, ambayo kwa harusi ya Lamu ingekuwepo tu.

Hesabu yote ilifika shilingi 21,950.

Siku wakwe walipoingia walivua viatu, wakaketi mkekani na kitandani, udi ukafukizwa. Mama mkwe alizungusha macho, kisha akamwita mama harusi kando na kumuuliza yale makawa ameyaagiza wapi. "Ndoo jikoni nikuonyeshe," akajibiwa. Nimeambiwa pia kwamba baba mkwe aliuliza ni nani aliyewapakia ukuta, na kwamba mwashi wetu akapata kazi Malindi kwa sababu hiyo.

Si kila kitu kilikaa. Kawa lililo karibu na mlango lilikuwa likiyumba kwa upepo wa kusi na kugonga ukuta, mpaka likafungwa kwa uzi pande mbili. Mkeka unahitaji kuinuliwa na kupigwa jua wakati wa mvua, vinginevyo huota kuvu upande wa chini, na hiyo ni kazi ya kila wiki ambayo zulia la plastiki halikuidai. Marekani ya dirisha la kiwandani inashika vumbi na inataka kufuliwa mara kwa mara. Mwenye nyumba asiyependa kazi hizi achague vitu vingine, na nitamheshimu.

Masika iliyofuata nilirudi kuukagua ukuta. Sehemu ya chini, palipotolewa simiti, ilikuwa kavu kwa kuigusa, na jaribio la plastiki lilionyesha unyevu kidogo tu. Harufu imekwisha. Tatizo lililobaki ni pembe moja, upande unaopakana na choo, ambapo unga wa chumvi umejitokeza tena kwa upana wa mikono miwili. Sebuleni hakuna kosa. Simiti ingali upande wa pili wa ukuta huo, chooni, na maji hayana njia ya kutokea isipokuwa huku. Kwa sasa unga unafagiwa kwa brashi kavu. Mama wa nyumba amekwisha kusema zamu yake ijayo ya mchezo haitanunua kitu cha kuonekana: mwashi ataitoa simiti ya chooni kwa kimo cha mita moja, apige chokaa, na ile pembe ya sebule ipakwe upya tabaka mbili. Akitaka kwenda mbali zaidi na kugusa ukuta wa nje au mlango, nimemshauri apite kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini, kwa kuwa nyumba imo ndani ya Mji wa Kale.